Enka ya beki haiponi siku maumivu yanapokwisha

Tarehe 6 Agosti 2025, katika Uwanja wa Benjamin Mkapa jijini Dar es Salaam, dakika ya 89, beki wa kulia Shomari Kapombe aliifungia Taifa Stars bao pekee dhidi ya Mauritania kwenye michuano ya CHAN. Waliokumbuka Novemba 2018 walikuwa na sababu ya ziada ya kushangilia. Wakati huo, kambini Afrika Kusini na timu ya taifa, Kapombe aliumia vibaya mguu mazoezini, akafanyiwa upasuaji, na sehemu kubwa ya msimu wa Simba ikapita akiwa nje. Alipofunga bao lile alikuwa na umri wa miaka 33.

Natamani vijana wa Malangali na kata nyingine za Sumbawanga waijue habari hii, kwa sababu wengi wao huiacha soka kwa majeraha madogo kuliko lile. Uwanda wa Ufipa una msimu mmoja mrefu wa mvua. Ikikatika, udongo hukauka na kuwa mgumu, mashimo ya nyayo yakibaki palepale, na beki anayegeuka ghafla kumfuata winga hutua na mguu pembeni. Enka inateguka. Jioni hiyohiyo anakandwa kwa maji ya moto na kuchuliwa kwa nguvu, kisha baada ya wiki mbili yuko uwanjani tena.

Jambo la kwanza ni kujua kama mfupa umevunjika. Madaktari wa Ottawa, Kanada, walitunga mwanzoni mwa miaka ya 1990 kanuni ambayo hata kocha wa mtaani anaweza kuikumbuka. Bonyeza ncha na ukingo wa nyuma wa mifupa miwili inayochomoza kwenye kifundo, wa ndani na wa nje. Bonyeza pia mfupa unaochomoza katikati ya ukingo wa nje wa wayo, na ule ulio mbele kidogo ya kifundo upande wa ndani. Ukikuta maumivu kwenye mfupa wenyewe, au mchezaji akishindwa kupiga hatua nne, mpelekeni hospitali akapigwe eksirei. Msisubiri uvimbe ushuke.

Kama ni kano tu zilizovutika au kuchanika, siku mbili tatu za mwanzo ni za kufunga bendeji, kuinua mguu na kupunguza kazi. Kuchua kwa nguvu na maji ya moto siku hizo huongeza damu na uvimbe mahali palipojeruhiwa. Nasema hivi kwa heshima kwa wazee wanaochua. Mikono yao ina nafasi yake baadaye, kifundo kinapokuwa kimekakamaa. Lakini kulala kitandani wiki nzima nako ni kosa. Kano huimarika kwa kuvutwa kidogokidogo, hivyo mchezaji aanze kukanyaga mapema kadiri maumivu yanavyoruhusu.

Hapa ndipo wengi wanapojidanganya. Maumivu huisha kabla ya kazi kwisha. Ndani ya kano mna vihisio vinavyouambia ubongo mguu umekaa vipi, nazo taarifa hizo huvurugika kano inapochanika. Misuli ya shavu la mguu husinyaa ndani ya wiki chache tu za kutotumika, hasa mguu ukiwa umefungwa plasta. Kijana anatembea vizuri sokoni, ila akiruka kupiga kichwa anatua kwenye mguu usiojua ulipo. Ndiyo maana enka iliyoteguka mara moja huteguka tena kirahisi.

Mazoezi yake hayahitaji mashine. Simama kwa mguu mmoja ukipiga mswaki, kwanza macho wazi, baadaye yakiwa yamefumbwa. Panda kwa ncha za vidole vya mguu mmoja ukishikilia ukuta kwa wepesi, ukilenga kufikia marudio 25, au idadi ileile ya mguu mzima. Kisha piga goti kuelekea ukutani bila kuinua kisigino na ulinganishe miguu miwili: ukiona tofauti ya zaidi ya upana wa vidole viwili, kifundo bado kimekakamaa. Baada ya hapo ndipo zinakuja mbio za mstari ulionyooka, kisha za kona, mwisho za kurudi nyuma na kugeuka kwa kasi. Kwa beki hizo za mwisho ndizo kazi yenyewe. Kumrudisha uwanjani kwa sababu amekimbia mizunguko mitano bila kuchechemea ni kumpima kwa kazi ya mtu mwingine.

Kwa walimu wanaoandaa timu za UMISSETA, kuna mpango wa kupasha mwili uliotolewa na FIFA, unaoitwa 11+. Unachukua kama dakika 20, hauhitaji kifaa zaidi ya mpira, na utafiti uliofanywa Norway kwa wasichana ulionyesha kwamba majeraha yalipungua kwa karibu theluthi moja. Ufanyike angalau mara mbili kwa wiki, msimu mzima. Aliyewahi kuteguka aendelee kufunga enka kwenye mechi hadi mwaka mmoja, hata kama ameshasahau ni mguu upi ulioumia.