Ndondocha wa Sinema

Tulipokuwa watoto, wakubwa walitutisha kwa ndondocha: maiti aliyefufuliwa na mchawi, akakatwa ulimi, akalimishwa usiku bila ujira. Leo wajukuu wetu humwona mwenziwe katika sinema za Marekani, nao humwita zombi. Huogopwa, huchekwa, kisha husahauliwa. Lakini asili yake si mzaha.

Zombi ametoka Haiti, ambako Wafaransa waliwatumikisha Waafrika katika mashamba ya miwa mpaka watumwa wakaasi mwaka 1791, na uhuru ukapatikana mwaka 1804. Mtumwa alitumai kwamba mauti yatampumzisha. Hofu yake kubwa ilikuwa kufa, kisha aamshwe na kurudishwa shambani. Basi zombi si dubwana; ni mtumwa ambaye hata kaburi halikumkomboa.

Majeshi ya Marekani yaliikalia Haiti tangu 1915 hadi 1934. Katika muda huo, mwaka 1932, ikatoka sinema iitwayo White Zombie. Humo wafu wanasukuma kinu cha miwa. Mmoja anatumbukia, na wenziwe hawageuki kumtazama. Wala sinema yenyewe haimwombolezi. Huruma yote amewekewa bibi harusi wa Kizungu aliyerogwa. Aliyedhulumiwa akageuzwa kitisho.

Mwaka 1968 George Romero alitoa Night of the Living Dead, na shujaa wake ni Duane Jones, mtu mweusi. Usiku kucha anapambana na wafu. Kunapambazuka, wanafika Wazungu wenye bunduki, waokozi hao. Wanamdhania mfu, wanampiga risasi. Romero alisema alimchagua Jones kwa ustadi wake, si kwa rangi yake. Lakini mwaka ule ule Martin Luther King aliuawa kwa risasi, na watazamaji hawakuhitaji kufasiriwa.

Tusiwacheke Wamarekani peke yao. Chuoni tulifunzwa kwamba sote ni wana wa Adamu, na Adamu ametokana na udongo. Utumwa ulipigwa marufuku katika Pwani yetu mwaka 1907. Hata hivyo, ukizuka ugomvi, au ikija posa, bado utamsikia Mwislamu akimsimanga Mwislamu mwenziwe kwa utumwa wa babu yake. Nakuuliza, ndugu msomaji: hapo nani aliyemfukua maiti, akamrudisha shambani?