Kivu: Jenereta ao sahani za jua? Vituo vya afya vianze na hesabu ya usiku

Umeme ukikatika saa nane usiku katika kituo cha afya, mtoto anayepumua kwa msaada wa mashine ya oksijeni hawezi kungoja hadi urudi. Ndiyo maana vituo vingi vya Kivu vinatafuta umeme wao wenyewe. Swali ni kuchagua upi.

Umeme wa Bukavu unatoka mto Ruzizi. Bwawa la kwanza lilianza kazi mwaka 1958, mbele ya uhuru. Ruzizi II, ya mwaka 1989, inagawiwa na Kongo, Rwanda na Burundi. Mji umekua sana tangu hapo, na wakaaji wamezoea kukatiwa umeme.

Wengi hukimbilia jenereta. Bei yake ya kwanza ni ndogo, lakini esanse hununuliwa kila siku. Jenereta ya kilowati 5 inayowasha balbu chache inachoma mafuta mengi kwa kuzunguka tu. Moshi wake unaua: isiwekwe kamwe ndani ya nyumba.

Sahani za jua hazidai mafuta, lakini usiku hazitoi kitu. Hapo ndipo hesabu inaanzia. Balbu 10 za wati 10 zikiwaka saa 12 hutumia kilowati-saa 1,2. Mashine ya oksijeni ya wati 350 ikifanya kazi saa 10 hutumia 3,5. Jumla kwa usiku mmoja ni 4,7. Mashine hiyo moja inakula karibu mara tatu ya balbu zote.

Batri za risasi hazifai kumalizwa kupita nusu, la sivyo zinakufa mapema. Kwa usiku huo zinahitajika za karibu kilowati-saa 10. Za lithiamu zinaweza kutumiwa hadi asilimia 80, kwa hiyo 6 zinatosha. Bei yake iko juu, lakini zinadumu miaka mingi zaidi. Batri ya gari, ambayo watu wengi hununua kwa kuwa ni rahisi kuipata, imetengenezwa kwa kuwasha injini tu. Ikimalizwa kila usiku, inaharibika upesi.

Kwa kujaza umeme huo kwa siku yenye saa nne za jua kali, zinahitajika sahani za karibu wati 1 600, ukihesabu na umeme unaopotea njiani. Vifaa vya mchana vinaongezwa juu yake.

Chanjo, zinazotunzwa kati ya digrii 2 na 8, zina njia nyingine: friji zinazounganishwa moja kwa moja na sahani za jua, bila batri. Mchana zinagandisha barafu, na barafu hiyo inalinda baridi usiku kucha.

Jenereta haitupwi. Inabaki akiba ya siku za mvua.