Nilichanja, Mbona Kuku Wamekufa? Hesabu ya Ugonjwa Kila Mfugaji Aijue



Mwezi uliopita kijana mmoja wa hapa Uyui alinipigia simu saa kumi na mbili asubuhi. "Bwana shamba, kuku wanasinzia, wengine shingo zimepinda, kinyesi ni cha kijani. Nimeshaokota kumi na moja." Hizo ni dalili za mdondo, wengine tunauita kideri. Nikamuuliza kama ameingiza kuku wapya. Akanyamaza kidogo. "Ndiyo, kumi na tano, niliwanunua mnadani wiki iliyopita. Lakini walikuwa wazima kabisa. Halafu mimi nilichanja mwezi wa pili, na sasa ni wa saba!"

Alikuwa na kuku 180. Siku tano baadaye walibaki 30. Pesa ile ilikuwa ya kupanua banda na kumlipia mdogo wake ada ya shule.

Mara nyingi naulizwa maswali mawili kama ya kijana huyu. Ugonjwa umeingiaje? Na kwa nini chanjo haikuzuia? Leo nayajibu kwa kupitia kazi ya wanasayansi wanaofanya hesabu ya jinsi magonjwa yanavyosambaa. Usiogope neno hesabu. Ukiweza kugawa mia kwa nne, utaelewa.

Ugonjwa unasafiri na mzigo

Sisi watu wa Tabora tuko kwenye njia kubwa tangu zamani. Misafara ya pembe za ndovu ilitoka Bagamoyo, wapagazi Wanyamwezi wakibeba mizigo kichwani na mabegani, ikafika hapa Unyanyembe baada ya kama miezi mitatu. Mingine iliendelea hadi Ujiji. Watu na bidhaa walipita, na magonjwa nayo yalipita humo humo.

Miaka hiyo Zanzibar alikuwepo daktari Mskoti, James Christie. Kipindupindu kilipoingia kisiwani mwaka 1869, hakuishia kutibu wagonjwa tu. Aliwauliza wafanyabiashara na wasafiri: mlipita wapi, lini, mlikuta wagonjwa kijiji gani? Wengi wangedhani ugonjwa umeletwa na meli. Yeye akaufuatilia nyuma hadi bara, upande wa Umasaini, ulikoteremka na njia za misafara hadi Pangani, kisha ukavuka bahari. Mwaka 1876 akachapisha kitabu kizima kuhusu milipuko ya kipindupindu Afrika Mashariki.

Sasa angalia njia zetu za leo: reli, mabasi, malori ya mifugo, pikipiki zenye matenga ya kuku. Msafara wa miezi mitatu siku hizi ni safari ya siku moja. Kuku aliyeambukizwa mdondo anaweza kukaa siku kadhaa, hata wiki mbili, kabla hajaonyesha dalili. Kwa hiyo yule kuku "mzima kabisa" wa mnadani anafika bandani kwako akiwa bado anadonoa mahindi vizuri tu.

Mgonjwa mmoja anaambukiza wangapi?

Hapo ndipo hesabu inapoanzia. Ronald Ross, daktari Mwingereza aliyegundua mwaka 1897 kwamba malaria inaenezwa na mbu, alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1902. Baadaye akakaa chini na kalamu na kuonyesha jambo ambalo wengi walilikataa: si lazima umalize mbu wote ili malaria iishe. Ukiwapunguza chini ya kiwango fulani, ugonjwa unafifia wenyewe.

Chukua mfano wa kuku. Tuseme kuku mmoja mgonjwa anaambukiza wanne. Hao wanne wanaambukiza 16, na hao 16 wanaambukiza 64. Banda limekwisha. Lakini kama kati ya kila kuku wanne, watatu wana kinga, yule mgonjwa anapata mmoja tu wa kumwambukiza. Ugonjwa haukui tena. Ukizidisha kinga juu ya hapo, unazimika. Kwa mfano huu, robo tatu ya kuku wakiwa na kinga ndiyo mstari wako.

Mwanasayansi aliyefuata mbwa Serengeti

Mfano mzuri uko hapa hapa Tanzania. Katie Hampson, mtafiti wa Chuo Kikuu cha Glasgow, amefanya sehemu kubwa ya kazi yake nchini mwetu, akifuatilia kichaa cha mbwa. Yeye na wenzake walianza na kumbukumbu za watu waliofika vituo vya afya wakiwa wameumwa na mbwa, katika wilaya za Serengeti na Ngorongoro. Kisha wakaenda nyumba kwa nyumba: mbwa huyo alikuwa wa nani, alimuuma nani tena, yeye aling'atwa na nani? Ni maswali yale yale ya Christie, ila safari hii majibu yaliingizwa kwenye kompyuta.

Matokeo waliyochapisha mwaka 2009 yaliwashangaza wengi. Mbwa mmoja mwenye kichaa anaambukiza kwa wastani mbwa mmoja na kidogo tu. Kwa hesabu ya Ross, kuchanja wachache kungetosha. Sasa kwa nini wataalamu wanasema wachanjwe asilimia 70?

Sababu ni kwamba mbwa wanakufa na wengine wanazaliwa. Mbwa uliyemchanja mwaka huu, mwakani huenda hayupo, na mahali pake kuna watoto wasio na kinga. Unachanja asilimia 70 leo ili hata kinga ikipungua, usishuke chini ya mstari kabla ya kampeni inayofuata.

Pemba wameyaona haya. Utafiti ulioongozwa na Mtanzania, Kennedy Lushasi wa Taasisi ya Afya Ifakara, unaonyesha kichaa cha mbwa kilitokomezwa kisiwani mwaka 2014, kikarudi kutoka nje mwaka 2016, kikatokomezwa tena mwaka 2018. Hata kisiwa kikishasafishwa, mbwa mmoja anayeletwa na chombo anatosha kurudisha ugonjwa, kama kinga imeachwa ishuke.

Rudi bandani

Sasa tumjibu kijana wetu. Tuseme mwezi wa pili ulikuwa na kuku 100, wote ukawachanja. Kufikia wa saba umeuza 40, na vifaranga 60 wamekua. Una kuku 120, waliochanjwa ni 60 tu. Nusu! Na hata hao 60 kinga yao imeshachoka, maana miezi mitano imepita. Daftari lako linasema umechanja wote, kumbe bandani umeshashuka chini ya mstari. Kuku wanabadilika bandani haraka kuliko mbwa kijijini, ndiyo maana ratiba yao ni fupi.

Fanya hivi:

1. Chanja mdondo kila baada ya miezi mitatu. Chanjo ya I-2 ni tone moja kwenye jicho moja, na kuku wote wapate siku hiyo hiyo, vifaranga wakiwemo.
2. Kuku wapya watenge wiki mbili, banda lao, chombo chao cha maji, na wahudumie mwisho, baada ya wale wa zamani.
3. Usisubiri dalili. Mdondo hauna dawa, na chanjo haimponyi kuku aliyekwisha ugua.
4. Andika kila tarehe: chanjo, kuku walioingia, walikotoka, waliouzwa, waliototolewa. Kila mwezi hesabu waliochanjwa ni wangapi kati ya wote.
5. Kubaliana na majirani mchanje siku moja. Chupa moja inatosha kuku wengi, na gharama mnagawana.
6. Kuku waliokufa fukia au choma. Usiuze wagonjwa mnadani ili kuokoa hela, maana hapo unampelekea mwenzako hasara, na mzunguko unaweza kurudi mlangoni kwako.

Yule kijana ameshasafisha banda na ameanza upya na kuku 20. Safari hii kwenye daftari lake kuna safu mpya: "wenye kinga". Na wewe fungua daftari lako leo jioni uhesabu. Ukikuta umeshuka chini ya robo tatu, nipigie au mwone afisa mifugo wa kata yako kabla ya siku ya mnada.

Kazi njema.