Santuri ya zamani ikipewa spika tano

Je, msomaji, umewahi kupanda matatu kutoka Nyeri kwenda Karatina jioni ya Jumamosi, gari limejaa na muziki umefunguliwa mpaka vioo vinatetemeka? Besi iko chini ya kiti, inakupiga visigino. Mwimbaji anakuimbia kisogoni. Gitaa linalia juu ya kichwa cha dereva. Ukishuka, masikio bado yanavuma, na kondakta anakuambia kwa fahari kwamba hiyo ndiyo sarandi.

La hasha, hiyo si sarandi. Hizo ni spika nyingi zinazosema neno lile lile kwa pamoja. Sauti ya kuzunguka hasa ni pale kila spika inapopewa neno lake: gitaa hapa, ngoma pale, mwimbaji mbele yako, mwangwi wa ukumbi nyuma. Ili jambo hilo liwezekane, fundi wa sauti hurudi kwenye kanda za awali za studio na kuuchanganya muziki upya kutoka mwanzo.

Nililifikiria jambo hili mwezi uliopita nilipoalikwa Othaya, nyumbani kwa mwalimu mmoja mstaafu. Mjukuu wake, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dedan Kimathi, alikuwa amekuja likizo na spika tano ndogo, kasha moja kubwa la besi, na diski kadhaa za roki ya Waingereza ya miaka ya sitini na sabini, ile yenye nyimbo ndefu ambazo wataalamu huziita progresivu. Kijana alitaka nimwambie babu yake kwamba fedha za mashine hiyo hazikupotea bure. Nikaambiwa niwe hakimu.

Kwanza historia kidogo. Wazo hili si la jana. Albamu ya Pink Floyd, The Dark Side of the Moon, ilipotoka mwaka 1973, fundi Alan Parsons aliichanganya pia kwa spika nne. Saa zile zinazolia zote kwa mkupuo katika wimbo wa Time alizirekodi yeye mwenyewe, moja moja, katika duka la saa kuukuu, na alikuwa amezikusudia kwa majaribio ya spika nne. Lakini mtambo wa spika nne ulikuwa ghali, kampuni zikaleta mitindo isiyopatana, na wanunuzi wakachoka. Wazo likalala hadi diski za kisasa zilipokuja. Mwaka 2003 James Guthrie akaichanganya albamu hiyo hiyo kwa spika tano na besi. Mwaka 2011 kazi ya Parsons ikatolewa tena, na mwaka 2023 Guthrie akaleta nyingine ambayo sauti zake hutoka hata darini. Albamu moja, na kila toleo lina mashabiki wake walio tayari kugombana.

Kijana alianza na saa zile. Kwa hakika inashtua: saa inalia begani, nyingine mlangoni, nyingine jikoni kwa cucu. Watoto wakapiga kelele za furaha. Lakini nakusihi, msomaji, usikihukumu kitu kwa saa zile. Huo ni mzaha wa dakika moja, na mwuza duka yeyote wa vyombo atakufungulia kipande hicho hicho ili akuuzie. Mwambie akufungulie wimbo wa polepole wenye sauti ya mtu mmoja, halafu usikilize kama mtu huyo amesimama mahali pamoja au anaelea kama moshi.

Jambo la pili ndilo linalowaponza wengi. Sikio la binadamu hudhani kwamba chenye sauti kubwa zaidi ndicho kizuri zaidi. Ukiongeza sauti kidogo tu, besi inanona na kengele ndogo ndogo zinang'aa, nawe unaapa kwamba toleo hilo ni bora. Basi, kabla ya kulinganisha la zamani na jipya, yalinganishe kwanza yawe na nguvu sawa, na mtu mwingine ayabadilishe bila kukuambia lipi ni lipi. Tulifanya hivyo Othaya. Matoleo mawili ambayo kijana aliyasifu sana alishindwa kuyatambua. Alikasirika kidogo.

Na chumba je? Nyumba zetu nyingi huku ni za mawe, sakafu ya simenti na madirisha makubwa ya vioo. Sauti hugonga ukuta na kurudi ikiwa imechafuka. Zulia, mapazia mazito na blanketi ukutani husaidia kuliko spika ya sita. Tena mama mwenye nyumba alikuwa amezivalisha spika vitambaa vya kufuma, kama vile vya makochi. Vinapendeza, ila hufunga sauti nyembamba zisitoke. Tulivitoa kwa heshima na kuvirudisha kabla ya chai.

Hukumu yangu juu ya Waingereza ni hii. Mchanganyo wa Parsons unacheza zaidi, wa Guthrie umetulia zaidi, nami naupenda wa Parsons. Katika albamu ya Jethro Tull iitwayo Aqualung, ya mwaka 1971, ambayo tangu zamani ililaumiwa kwa sauti yake ya kufifia, kazi mpya ya Steven Wilson ya mwaka 2011 ni kama mtu amepangusa dirisha. Huyo Wilson ndiye fundi anayetajwa mno katika kazi hizi. Lakini hata kwake pana swali. Alipoichanganya upya albamu ya kwanza ya King Crimson, ya mwaka 1969, kwa toleo la mwaka 2009, wimbo wa Moonchild ulifupishwa. Sehemu ya wapigaji kubahatishabahatisha ikapunguzwa. Wenyewe waliona imezidi urefu. Pengine ni kweli. Lakini aliyeipenda kwa miaka 40, dakika zake zilizokatwa atazidai kwa nani?

Hapo ndipo mzee, aliyekuwa kimya muda wote, alipouliza, "Na Kamaru mnaye humo?"

Joseph Kamaru, kwa msomaji kijana asiyemjua, alizaliwa Kangema mwaka 1939 na kufariki mwaka 2018. Nyimbo zake zilichezwa kutoka Murang'a hadi Nanyuki. Ndari ya Mwarimu, wimbo wa kuwakemea walimu waliowaandama wasichana wa shule, uliwaudhi walimu mpaka chama chao kikaupinga. Mwenyeji wetu, mwalimu wa miaka mingi, anayo santuri hiyo mpaka leo, na anacheka akiitaja.

Kijana akasema, "Guka, ninaye." Alikuwa ameuandaa wimbo mmoja ambao Kamaru anaimba na dada yake, Catherine Muthoni.

Hapa pana ugumu ambao Waingereza hawana. Albamu ile ya King Crimson ilirekodiwa kwa kanda ya mikondo minane, kila chombo mahali pake, na kanda zikahifadhiwa. Santuri zetu ndogo tulizo nazo majumbani ni kama chai iliyokwisha kuchemshwa na maziwa na sukari. Utaitoaje sukari? Siku hizi zipo programu za kompyuta zilizofunzwa kutambua sauti ya mtu, gitaa na ngoma, na kuzitenganisha. Ni ujuzi wa namna hiyo uliotumika kwa albamu ya Beatles iitwayo Revolver katika toleo la mwaka 2022. Kijana alitumia programu kama hiyo. Akamweka Kamaru mbele, magitaa pembeni, na Catherine nyuma ya viti.

Nitasema ukweli. Magitaa yalinifurahisha, lile la besi sikuwahi kulisikia wazi vile. Lakini sauti za watu zilikuwa na maji maji, kama mtu aimbaye ndani ya mtungi. Na kulikuwa na kosa kubwa kuliko hilo. Ndugu hawa wawili wanajibizana, mmoja anaanza mwingine anapokea, kama watu waliosimama bega kwa bega mbele ya kipaza sauti. Ukimhamisha dada nyuma ya kisogo cha msikilizaji, mazungumzo yanavunjika.

Sisemi kwamba nyimbo za wazee zisiguswe. Waimbaji wa mugithi wamezigusa miaka mingi, kwa gitaa moja, usiku kucha, wakiunga wimbo huu na ule, na watu wa Nyeri wanacheza. Wao hawakuambii kwamba hiyo ndiyo santuri yenyewe. Yuko pia mjukuu wa Kamaru, anayeitwa Joseph Kamaru kama babu yake, na anayejulikana kama KMRU. Anaishi Berlin, na kazi yake hasa ni sauti: hurekodi mazingira na kutunga kutokana nayo. Ujuzi wa kuzivunjavunja nyimbo za babu yake anao tele. Bado amekuwa akizitoa tena kwenye intaneti ili wanaozitafuta wazipate, ziwe na jina la mwenyewe.

Wimbo ulipokwisha mzee hakutoa hukumu. Alimwomba mjukuu azime spika za nyuma, kisha za pembeni, ikabaki ile ya katikati peke yake. Akaomba urudiwe kutoka santuri. Mikwaruzo ikaanza, kisha kaka na dada wakaingia pamoja. Alisikiliza hadi mwisho huku kidole chake kikigonga mkono wa kiti. Halafu akamwuliza kijana kama hapo Nyeri mjini bado pana duka linalouza sindano za gramafoni.