Kazi ya kwanza ya msanii wa wahusika: jinsi studio zinavyochagua na kusaili

Mwezi Julai 2023, jukwaa la Disney+ lilianza kuonyesha filamu fupi 10 za uhuishaji zilizoongozwa na wasanii kutoka Zimbabwe, Uganda, Afrika Kusini, Nigeria, Kenya na Misri. Mkusanyiko huo, uitwao Kizazi Moto: Generation Fire, ulisimamiwa na studio ya Triggerfish ya Afrika Kusini, na miongoni mwa waongozaji wake alikuwamo Raymond Malinga wa Uganda. Mwezi huohuo Netflix ilianza kuonyesha Supa Team 4, mfululizo uliobuniwa na Malenga Mulendema wa Zambia, ambao mwonekano wa wahusika wake ulibuniwa na Malcolm Wope, msanii kutoka Kamerun.

Kwa vijana wengi wa ukanda huu, kazi hizo zilithibitisha kwamba kuunda wahusika wa filamu na michezo ya video ni ajira ambayo Mwafrika anaweza kuipata. Lakini mlango wa ajira hiyo haufunguki kama mlango wa benki au wa ofisi ya serikali. Anayepeleka bahasha ya vyeti na kusubiri kuitwa huenda akasubiri miaka. Makala haya yanaeleza jinsi maombi ya kazi ya kwanza yanavyopimwa, usaili unavyoendeshwa, na mahali ambapo waombaji wengi hukwama.

Kazi yenyewe ni ipi?

Msanii wa wahusika ndiye anayempa mhusika mwili. Mchoraji hutangulia kwa kuchora jinsi mhusika atakavyoonekana, kisha msanii wa wahusika huugeuza mchoro huo kuwa umbo linaloweza kuzungushwa na kutazamwa kutoka kila upande.

Umbo hilo kwanza huchongwa kwa programu kama ZBrush au Blender, mfano wa mchonga vinyago aanzaye na gogo, hadi mikunjo ya ngozi na mishono ya nguo ionekane. Katika hatua hiyo umbo huweza kuwa na mamilioni ya vipande vidogo vya uso, mzigo ambao simu au kompyuta ya mchezaji kwa kawaida haiwezi kuubeba. Kwa hiyo msanii hulifunika umbo hilo kwa wavu mwepesi wenye vipande vichache vilivyopangwa kwa hesabu. Wavu huo nao hufumuliwa na kutandazwa, kama fundi cherehani anavyofumua kanzu ili apate kipimo cha kila kipande, ndipo rangi, vinyweleo na makovu vipakwe juu yake. Mwishowe mhusika hukabidhiwa fundi mwingine amtie mifupa, na mhuishaji amtembeze.

Huko kukabidhiana ndiko kunakoeleza sehemu kubwa ya maamuzi ya studio. Kiwiko ambacho mistari ya wavu wake haikufuata mkunjo wa mkono kitanywea kama mpira ulioishiwa upepo pindi mkono ukikunjwa, na kazi itarudi kwa aliyeitoa. Msimamizi anayeajiri hatafuti tu mtu awezaye kuchonga sura nzuri. Anatafuta mtu ambaye kazi yake haitamkwamisha anayeipokea.

Kazi hutangulia cheti

Zipo taasisi za kanda hii zinazofundisha fani hii, mojawapo ikiwa Africa Digital Media Institute ya Nairobi. Masomo humpa mwanafunzi walimu, wenzake na nidhamu ya kazi. Hata hivyo, jambo la kwanza ambalo studio hufungua ni mkusanyo wa kazi za mwombaji, ambao aghalabu huwekwa kwenye tovuti yake binafsi au kwenye ArtStation, tovuti iliyoanzishwa mwaka 2014 na kutumiwa na wasanii wa fani hii duniani kote. Cheti husomwa baadaye, kama kazi zimeridhisha.

Kosa la kawaida la anayeanza ni kuonyesha kila alichowahi kukifanya. Wahusika watatu waliokamilika wana nguvu kuliko 15 walioachwa njiani, kwa sababu anayeajiri humpima mwombaji kwa kazi iliyo dhaifu kuliko zote: akiiona, hujiuliza kama huyu anaweza kutofautisha jema na baya katika kazi yake mwenyewe. Kila mhusika aonyeshwe pia wavu wake, rangi zake zilizotandazwa, idadi ya vipande vyake na jinsi anavyoonekana ndani ya injini ya mchezo. Picha nzuri peke yake humwacha msimamizi na mashaka juu ya kilichofichwa nyuma yake.

Mkusanyo huo pia sharti ulingane na studio inayoombwa. Inayotengeneza katuni za watoto haitamhukumu mwombaji kwa askari mwenye kila kinyweleo usoni, wala inayotengeneza michezo yenye sura halisi haitatulizwa na sungura wa katuni. Na pale mhusika alipochongwa kwa kufuata mchoro wa mtu mwingine, jina la mchoraji huyo liandikwe. Kulificha huhesabiwa kuwa wizi, na fani hii ni ndogo kuliko inavyodhaniwa.

Nywele, ngozi na vitenge

Kuna eneo moja ambalo msanii wa ukanda huu anaweza kuingia akiwa na faida. Mwaka 2020, Theodore Kim, profesa wa sayansi ya kompyuta katika Chuo Kikuu cha Yale nchini Marekani, alieleza kwamba mbinu zilizozoeleka za kuchora binadamu kwa kompyuta zilijengwa juu ya ngozi nyeupe na nywele zilizonyooka. Mbinu hizo hutilia mkazo jinsi mwanga unavyopenya ndani ya ngozi, ilhali katika ngozi nyeusi mng'ao wa juu una uzito mkubwa zaidi. Msanii A.M. Darke, naye wa Marekani, alianzisha maktaba huria ya maumbo ya nywele za Kiafrika baada ya kuona jinsi zilivyokuwa haba na duni kwenye masoko ya kidijitali.

Kijana aliyekua akiwatazama dada zake wakisukwa twende kilioni barazani anajua nywele zinavyogawanywa na msuko unavyoanzia kichwani. Aliyezoea kuona kitenge kipya kikikakamaa na kanga iliyofuliwa mara nyingi ikilegea ana ujuzi ambao mwenzake wa ng'ambo atautafuta kwenye picha. Lakini faida hiyo haionekani mpaka iwe imechongwa, ikakamilishwa na kuonyeshwa.

Gharama nayo ni kikwazo cha kweli. ZBrush na Maya hulipiwa, ingawa Autodesk, inayomiliki Maya, huwapa bure wanafunzi wanaotimiza masharti. Blender ni programu huria tangu mwaka 2002 na haina ada hata inapotumika kibiashara. Mzigo unaobaki ni kompyuta yenye uwezo, umeme usiokatika na muda.

Kutuma maombi

Nafasi za kuanzia zinazoitwa kwa jina la msanii wa wahusika ni chache. Mhusika mkuu hubeba mchezo mzima, na studio husita kumkabidhi mgeni. Ndiyo maana wengi huanza kando: hutengeneza silaha, viatu na vyombo, hushona nguo za wahusika wengine, au husuka wavu juu ya umbo lililochongwa na mkubwa wao. Baadhi huingia kupitia kampuni zinazopokea vibarua kutoka studio kubwa. Anayekataa kila nafasi isiyobeba jina analolitaka hujifungia njia ambayo wakubwa wengi waliipita.

Soko lenyewe limekuwa gumu. Mnamo Januari 2024 Microsoft ilitangaza kupunguza wafanyakazi 1,900 katika idara yake ya michezo, na mwezi uliofuata Sony ikatangaza kupunguza takriban 900 katika PlayStation. Matokeo yake ni kwamba mhitimu wa Kigali, Bujumbura au Kampala huweza kujikuta akiomba nafasi moja na mtu mwenye uzoefu wa miaka kumi.

Kwa sababu hiyo maombi yasimchoshe msomaji. Wasifu wa ukurasa mmoja unatosha, na kiungo cha kazi kiwe juu kabisa, kifunguke bila nywila. Barua iwe ya aya mbili au tatu, itaje kazi moja au mbili za mwombaji zinazohusiana na tangazo, na iseme wazi anaishi wapi na kama anaomba kufanya kazi akiwa mbali.

Jaribio la kazi

Wanaovuka hatua hiyo mara nyingi hupewa jaribio: mchoro, masharti na siku za kuumaliza. Hapa uzuri si kipimo pekee. Ikiwa masharti yanasema mhusika asizidi vipande 20,000 na faili zipewe majina kwa utaratibu fulani, anayeleta vipande 40,000 vya kupendeza ameonyesha kwamba hasomi maelekezo.

Mwombaji naye ana haki ya kuuliza kabla hajaanza. Je, jaribio linalipiwa? Linatarajiwa kuchukua saa ngapi? Je, ataruhusiwa kuliweka katika mkusanyo wake asipochaguliwa? Na nani atakayelimiliki? Jaribio la siku mbili tatu ni jambo la kawaida. Linalodai wiki kadhaa za kazi bila malipo, na ambalo matokeo yake yanafanana na bidhaa iliyo tayari kuuzwa, linastahili kutiliwa shaka.

Ndani ya usaili

Usaili wa awali hufanyika kwa kawaida kwa njia ya video, ukiongozwa na mkuu wa sanaa na ofisa wa ajira. Swali la kwanza karibu lote hutabirika: mwombaji huombwa aeleze hatua kwa hatua jinsi alivyounda mhusika mmoja. Baada ya hapo huulizwa kazi ilichukua muda gani, alikwama wapi, na kama angeianza leo angebadilisha nini.

Hapo malezi mema huweza kumponza mtu. Vijana wengi wa kwetu wamefundishwa kutojisifu, hata kazi aliyoifanya mtu peke yake huisema kwa "tulifanya". Msaili asiyeijua desturi hiyo husikia kwamba sehemu kubwa ilifanywa na wengine. Unyenyekevu haupotei mtu akisema kwa uwazi: mimi nilichonga kichwa na mikono, nguo zilishonwa na mwenzangu, mchoro ulikuwa wa fulani. Kauli hiyo si majigambo, ni hesabu ya kazi.

Vivyo hivyo katika kukosolewa. Msaili akisema mabega ya mhusika ni mapana mno, kijana aliyelelewa kutobishana na wakubwa huweza kunyamaza kwa heshima, na ukimya huo ukaeleweka kuwa hana la kusema. Jibu linalotafutwa ni la kikazi: kukubali panapostahili, kueleza sababu kama ipo, au kuuliza mabega hayo yangerekebishwaje. Studio hukosoana kila siku, na msaili anataka kujua kama mtu huyu atakaa nao bila kuvunjika wala kuwaka.

Mambo mawili zaidi hupimwa kimyakimya. La kwanza ni uaminifu wa siri: anayeonyesha kazi ya mwajiri wa zamani ambayo haijatangazwa hadharani amemwonyesha mwajiri mpya atakavyotendewa. La pili ni ukweli kuhusu zana. Akiulizwa kama alitumia akili bandia au maumbo yaliyonunuliwa, aseme alichotumia na mahali alipokitumia.

Mwishoni mwombaji hupewa nafasi ya kuuliza. Aulize atafanya kazi chini ya nani, mkataba ni wa kuajiriwa au wa kibarua, malipo yatakuja kwa sarafu gani, na nani atakayelipa kodi. Anayefanya kazi kutoka nyumbani ajiandae kueleza atafanyaje umeme au intaneti ikikatika, maana swali hilo huulizwa.

Kujihadhari na matapeli

Kiu ya kazi ya kwanza imewavuta pia wadanganyifu. Mwajiri wa kweli hamtozi mwombaji ada ya usajili, ya mafunzo wala ya kompyuta. Ajira inayotolewa bila usaili wowote, anwani ya barua pepe isiyolingana na tovuti ya studio, au ombi la nakala ya pasipoti na namba za benki kabla ya mkataba, ni dalili za kumfanya mtu asimame na kuiuliza studio moja kwa moja kupitia tovuti yake.

Baada ya hapana

Majibu mengi ya kwanza huwa ni hapana, na mengine huwa ni ukimya. Aliyefika hatua ya usaili anaweza kuomba kwa adabu aelezwe jambo moja la kurekebisha. Akijibiwa, jibu hilo liingie kazini: kazi iliyo dhaifu iondolewe, iliyo bora zaidi ichukue nafasi yake, na maombi yatumwe tena baada ya miezi kadhaa. Studio nyingi hazimzuii aliyekataliwa kurudi.

Kwa mzazi au mlezi anayemwona kijana wake akikesha mbele ya kompyuta na kushindwa kujua kama ni kazi au ni mchezo, liko swali la kumsaidia kupambanua. Asiulize kijana ametumia saa ngapi. Amwombe amwonyeshe mhusika mmoja aliyekamilika, wavu na yote, kisha amwulize ni nani mwingine aliyemwona na alisema nini.