Mwana wa Garissa na Fimbo ya Amri: Kazi ya Afisa wa Jeshi Katika Mipango, Operesheni na Mafunzo

Utangulizi

Msomaji wa Kiswahili anapolikuta neno 'jenerali' katika riwaya au tamthilia zetu, aghalabu hukutana na mtu wa kuogofya: dikteta, mpinduzi au mshirika wa mnyonyaji. Ni nadra kukutana na afisa wa jeshi kama mtu mwenye taaluma; mtu anayekaa mezani na ramani, anayepima maji na mafuta ya magari, na anayeamua ni nani aende kozi mwaka huu na ni nani asubiri. Makala haya yananuia kuieleza taaluma hiyo kwa kuzingatia nguzo zake tatu, yaani mipango ya kimkakati, operesheni na usimamizi wa mafunzo. Mfano utakaotuongoza ni wa Jenerali Mahamoud Mohamed, mwana wa jamii ya Wasomali wa Garissa, aliyekuwa Mkuu wa Majeshi ya Kenya kuanzia mwaka 1986 hadi 1996. Aidha, makala yatauliza swali ambalo halikwepeki kwa yeyote anayeijua Garissa: je, mwana wa jamii inayoshukiwa na dola akikabidhiwa fimbo ya amri, jamii yenyewe hupata nini?

Istilahi tatu na ngazi zake

Ni vyema tuanze na istilahi, maadamu hapa ndipo wengi huteleza. Katika mazungumzo ya kawaida maneno 'mkakati', 'operesheni' na 'mbinu' hutumiwa kana kwamba ni visawe. Kwa mwanajeshi, hizi ni ngazi tatu tofauti. Mkakati hujibu swali la lengo: nchi inataka nini, na jeshi litaisaidia vipi kulipata katika kipindi cha miaka. Operesheni ni kuyaunganisha matendo mengi, mahali pengi, ili lengo hilo litimie. Mbinu ni namna kikosi kidogo kinavyopigana pale kilipo.

Afisa huzipanda ngazi hizi pamoja na vyeo vyake. Kuruta wa uafisa nchini Kenya hufunzwa katika Chuo cha Kijeshi kilichoko Lanet, Nakuru. Akihitimu, huongoza platuni ya watu wapatao thelathini. Hapo kazi yake ni mbinu. Akiwa meja huongoza kombania. Akiwa luteni kanali huongoza batalioni yenye mamia ya askari, na huanza kufikiri kioperesheni. Kutoka kanali kwenda juu, kalamu humshughulisha kuliko bunduki.

Majeshi mengi duniani huyagawa makao yao makuu kwa tarakimu. Namba 1 ni masuala ya watu, 2 ni ujasusi, 3 ni operesheni, 4 ni ugavi, 5 ni mipango, na 7 ni mafunzo. Afisa aliyepitia 3, 5 na 7 huwa ameyaona mambo matatu: kinachotendeka leo, kitakachotendeka kesho, na watakaokitenda.

Inafaa pia kukumbuka kwamba msamiati wenyewe una historia. 'Askari' na 'jeshi' ni maneno yenye asili ya Kiarabu. 'Afande' lina asili ya Kituruki. 'Luteni', 'kanali' na 'kuruta' yalitokana na Kiingereza. Katika kikosi cha King's African Rifles, kilichoundwa mwaka 1902, Kiswahili kilikuwa lugha ya kuwasiliana na askari, na maafisa wa Kiingereza walilazimika kujifunza. Kwa hiyo jeshi la Kenya lilirithi Kiswahili kabla taifa lenyewe halijazaliwa.

Operesheni: Agosti 1, 1982

Alfajiri ya Jumapili, Agosti 1, 1982, baadhi ya wanajeshi wa Jeshi la Anga walijaribu kuipindua serikali ya Rais Daniel arap Moi. Waliiteka Sauti ya Kenya jijini Nairobi na kutangaza kwamba serikali imeanguka. Mtangazaji mashuhuri, marehemu Leonard Mambo Mbotela, alilazimishwa kuisoma habari hiyo hewani.

Wakati huo Mahamoud Mohamed alikuwa Naibu Kamanda wa Jeshi la Nchi Kavu. Sehemu ya jeshi ilikuwa mazoezini kaskazini mwa nchi, mbali na mji mkuu. Afisa katika hali hiyo ana machaguo mawili. La kwanza ni kusubiri vikosi vyote vikusanyike, na hapo uvumi wa redio utakuwa umeigeuza nchi. La pili ni kutenda mapema kwa nguvu ndogo iliyopo, mahali pamoja palipo na uzito kuliko pengine pote. Mahamoud alipewa jukumu la kuongoza hatua ya kuuzima uasi, na kituo cha redio kikawa miongoni mwa shabaha za mwanzo. Kilikombolewa siku hiyo hiyo, na wananchi wakasikia kutoka idhaa ile ile kwamba serikali ya Nyayo imerejea.

Kwa mwanafunzi wa Kiswahili, tukio hili lina funzo la ziada. Pande zote mbili zilielewa kwamba kitu cha thamani kuliko vyote asubuhi ile kilikuwa sauti inayoufikia umma kwa lugha unayoielewa. Waasi walikuwa na ndege za kivita na silaha, lakini nguvu yao kubwa ilikuwa tangazo. Tangazo liliponyamazishwa, wakabaki makundi yaliyotawanyika, yasiyo na amri moja. Hicho ndicho kiini cha fikra za kioperesheni: kuitambua nukta moja ambayo ikishikwa, mengine hulegea.

Usimamizi wa mafunzo: kujenga upya

Kuzima uasi ni kazi ya siku. Kujenga upya ni kazi ya miaka. Baada ya jaribio lile, Jeshi la Anga lilivunjwa, na lililochukua nafasi yake likaitwa Jeshi la Anga la '82. Mahamoud, afisa wa nchi kavu, ndiye aliyeteuliwa kuliongoza. Jina la awali lilirejeshwa mwaka 1994.

Hapa ndipo tunapoona uzito wa nguzo ya tatu, ambayo kwa kawaida haisifiwi na mtu. Ndege hununuliwa kwa fedha, lakini rubani na fundi hawapatikani dukani. Meneja wa mafunzo huanza kwa kuuliza: kazi ipi inahitaji kutendwa, na ni ujuzi gani unaokosekana? Kisha hupanga kalenda ya mwaka, hugawa nafasi za kozi za ndani na za ng'ambo, huteua wakufunzi, hupima wanaofuzu, na huhakikisha kwamba aliyefuzu anapelekwa mahali ambapo ujuzi wake utatumika. Akikosea leo, kosa litaonekana baada ya miaka kumi, pengine yeye mwenyewe akiwa amekwisha staafu. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na katika jeshi, ukuta hujengwa kwa maisha ya watu.

Ni katika miaka hiyo hiyo, mnamo 1984, ambapo Chuo cha Maafisa Wakuu kilianzishwa mtaani Karen, Nairobi. Kabla ya hapo, maafisa wa Kenya walitegemea zaidi vyuo vya nje kwa elimu ya ngazi hiyo.

Mkakati: miaka kumi ya juu

Mwaka 1986 Mahamoud alimrithi Jenerali Jackson Mulinge kama Mkuu wa Majeshi. Katika kipindi chake, wanajeshi wa Kenya walishiriki katika ujumbe wa Umoja wa Mataifa nchini Namibia mwaka 1989 na 1990, na baadaye katika iliyokuwa Yugoslavia. Dola ya Somalia ilisambaratika mwaka 1991, na maelfu ya wakimbizi wakavuka mpaka hadi Dadaab, katika Garissa yenyewe. Mkakati ni kuamua, penye haja nyingi na mali chache, ni kikosi kipi kiende ng'ambo na kipi kibaki mpakani.

Aliyemfuata mwaka 1996, Jenerali Daudi Tonje, anakumbukwa kwa kanuni zilizobeba jina lake kuhusu muda wa uongozi na umri wa kustaafu. Kanuni hizo zilikuwa jibu la swali ambalo mkakati mzuri hauna budi kulijibu: nini kitatokea mtu huyu akiondoka?

Garissa na swali la imani

Sasa turejee Garissa. Mwezi Desemba 1963, siku chache baada ya uhuru, hali ya hatari ilitangazwa kaskazini mashariki, na vita vilivyoitwa vya Shifta vikaendelea hadi 1967. Neno 'shifta', lenye asili ya Kihabeshi na maana ya jambazi, lilitumiwa kwa mpiganaji, kisha kwa mfugaji, kisha kwa Msomali yeyote. Hivyo ndivyo neno moja linavyoweza kufanya kazi ya kikosi kizima. Mauaji ya Garissa ya mwaka 1980 na yale ya Wagalla, Wajir, ya Februari 1984 yamo katika ripoti ya Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano iliyotolewa mwaka 2013.

Hebu tuzipange tarehe hizi sambamba na za jenerali. Ndugu yake, Hussein Maalim Mohamed, aliingia barazani kama waziri mwaka 1983. Yeye mwenyewe akawa Mkuu wa Majeshi mwaka 1986. Hata hivyo, sheria za hali ya hatari katika eneo lao ziliondolewa mwaka 1991 tu. Mwaka 1989 Wasomali wa Kenya walitakiwa kupitia mchujo wa kuthibitisha uraia wao na kupewa kadi maalumu. Hivyo, aliyesimama juu ya majeshi yote ya taifa alitoka katika jamii iliyotakiwa kuthibitisha kwamba ni ya taifa hilo.

Wapo watakaosema kwamba cheo chake kilikuwa pambo. Mwandishi wa makala haya hakubaliani nao. Mtu aliyeaminiwa kuinusuru serikali mwaka 1982 aliivunja hoja kwamba Msomali hawezi kuitumikia Kenya. Lakini ni kweli pia kwamba imani kwa mtu mmoja haikuwa imani kwa watu wake. Ilichukua Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 241, kuagiza kwamba safu za uongozi wa majeshi ziakisi sura ya maeneo na makabila ya nchi. Kilichokuwa bahati ya mmoja kikawa haki inayoweza kudaiwa na wote.

Na hoja hii si ya makumbusho. Aprili 2, 2015, watu 148 waliuawa katika Chuo Kikuu cha Garissa, wengi wao wanafunzi kama sisi. Mzingiro ulianza alfajiri ukaisha jioni. Siku ile ilitukumbusha kwamba mipango, operesheni na mafunzo si maneno ya wasifu wa afisa. Kwa aliyejificha chini ya kitanda akisubiri msaada, ndiyo tofauti kati ya saa moja na saa nyingi. Tena taarifa inayotangulia shambulio hutoka kwa mwananchi, na mwananchi humwambia askari anayemwamini.

Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba kazi ya afisa wa jeshi ni taaluma yenye ngazi na istilahi zake, na kwamba Kiswahili kina uwezo wa kuieleza bila kuomba msaada. Tunalo deni la kuandika wasifu za watu wa aina hii kwa lugha yetu, kwa sifa na kwa maswali. Kizuizini njiani Garissa, askari kutoka Kitui au Kakamega na mfugaji wa Kisomali hukutana kwa Kiswahili. Kwa miaka mingi lugha hiyo ilitamka hasa neno moja: 'kitambulisho'. Wajibu wetu, wanafunzi na walimu, ni kuipa maneno mengine ya kusema.