Je, Wajua? Kahawa ya Barafu Jikoni Kisanga

Je, wajua kwamba kahawa ya barafu yenye ladha, ile ambayo kwenye migahawa ya Dar es Salaam bilauri moja yaweza kula pesa ya sahani mbili za wali maharage, vitu vyake karibu vyote viko jirani na mtu wa Kisanga, wilayani Kilosa? Sukari ipo: kati ya viwanda vya Kampuni ya Sukari Kilombero, cha Ruembe kiko upande wa Kilosa wa Mto Ruaha Mkuu, na cha Msolwa kiko ng'ambo. Umeme wa kugandishia barafu upo: bwawa la Kidatu, kwenye mto huohuo, lilianza kuzalisha mwaka 1975 na mitambo yake ina uwezo wa megawati 204. Iliki, mdalasini, karafuu na pilipili manga hushuka kutoka milima ya Uluguru, mkoa huuhuu wa Morogoro. Mgeni ni kahawa yenyewe. Arabika yetu hutoka zaidi Kilimanjaro, Mbeya na Mbinga, robusta hutoka Kagera, na kopo la Africafé linalokaa kwenye rafu ya duka la kijijini limesafiri kutoka Bukoba.

Je, wajua kwa nini kahawa ya barafu ya nyumbani huishia kuwa maji ya kuoshea sufuria? Ni hesabu tu. Gramu moja ya barafu ikiyeyuka hunyonya joto linalotosha kuteremsha gramu moja ya maji kwa nyuzijoto 80. Sasa chukua mililita 200 za kahawa yenye nyuzi 80, uitake ifike nyuzi 5. Barafu itakayoyeyuka humo ni kama gramu 177, karibu sawa na kahawa yenyewe. Umeizimua nusu kwa nusu kabla hujaonja! Kahawa ileile ukiiacha ipoe mezani mpaka nyuzi 28, itayeyusha gramu 54 tu. Kwa hiyo mwenye haraka aipike nzito maradufu, na asiye na haraka asubiri. Njia ya tatu ndiyo naipenda kuliko zote: gandisha kahawa yenyewe kwenye vile vifuko vya barafu za ubuyu, uvunjevunje, umimine maziwa baridi juu. Inavyoyeyuka ndivyo inavyokolea.

Je, wajua kwamba mtungi unaweza kuifanya nusu ya kazi hiyo bila senti ya umeme? Maji hupenya kwenye udongo wake na kukauka kwa nje, na kila gramu inayokauka huondoka na joto la kutosha kupoza gramu zaidi ya 100 za maji kwa nyuzi 5. Weka kahawa kwenye chupa yenye mfuniko, izamishe mtungini mpaka shingoni, ndipo uende kwenye barafu. Kiangazi hufanya vizuri zaidi, kwa sababu masika hewa imejaa unyevu na maji hayakauki upesi. Usimimine kahawa ndani ya mtungi wenyewe, maana udongo hushika harufu, na mama mkwe akija kesho atauliza maji haya yamechotwa wapi.

Je, wajua kwamba mwanasayansi wa barafu anayetajwa duniani kote alikuwa mwanafunzi wa Kitanzania? Mwaka 1963, Erasto Mpemba akiwa Shule ya Sekondari Magamba, Lushoto, wanafunzi walikuwa wakitengeneza aiskrimu kwa maziwa yaliyochemshwa na sukari. Desturi ilikuwa kuyaacha yapoe kwanza. Mpemba aliona nafasi kwenye friji zinakwisha, akayatia yakiwa moto. Yake yakaganda, ya mwenzake aliyetia maziwa yasiyochemshwa yakawa bado uji mzito. Alipomuuliza mwalimu kwa nini cha moto kimetangulia kuganda, aliambiwa amechanganyikiwa. Baadaye, akiwa Mkwawa, Iringa, mtaalamu wa fizikia Denis Osborne kutoka chuo kikuu cha Dar es Salaam alikuja kutoa mhadhara. Mpemba akanyanyua mkono na kuuliza swali lilelile, wenzake wakacheka. Osborne hakucheka. Alirudi akalijaribu, na mwaka 1969 wawili hao wakachapisha makala kwenye jarida la Physics Education. Mabishano hayajaisha: mwaka 2016 watafiti wa Uingereza walipima upya, wakasema hawakuona ushahidi wa maana kwamba maji moto hutangulia kupoa. Jina "Mpemba" limebaki vitabuni hata hivyo. Kwa matumizi ya nyumbani, usitie sufuria la moto kwenye friji lenye mboga za watu. Heshima ya Mpemba haitapungua.

Je, wajua kwamba maji baridi hayakatai sukari? Gramu 100 za maji yaliyo karibu kuganda zinaweza kubeba zaidi ya gramu 170 za sukari. Tatizo ni mwendo: chembe huyeyuka polepole mno, nawe unakoroga hadi mkono unachoka huku sukari imelala chini. Dawa yake kila anayepika kaimati anaijua, ni shira. Sukari kikombe, maji kikombe, chemsha mpaka iyeyuke, tia ladha humohumo, ipoze. Iwe nyepesi kuliko ya kaimati. Hizo chupa za ladha zinazopangwa kwenye kaunta za mijini, ukiondoa rangi na vihifadhi, nyingi zake ni shira.

Je, wajua kwamba kitu kikiwa baridi ulimi hukionja utamu wake pungufu? Mwaka 2005 watafiti walieleza kwenye jarida la Nature kwamba njia iitwayo TRPM5, ndani ya seli za ladha, hufanya kazi zaidi joto linapopanda kati ya nyuzi 15 na 35. Ndiyo maana soda iliyopata joto hukinaisha. Onja kahawa yako ikiwa imeshapoa, si ikiwa motoni.

Viungo navyo vina adabu zake. Mdalasini wa unga hauyeyuki, huelea kama vumbi la barabara. Chemsha kijiti chake kwenye shira. Iliki hupenda mafuta, hivyo ipondeponde na uichemshe na maziwa. Karafuu moja, mbili mwisho, zaidi ya hapo umetengeneza dawa ya meno. Tangawizi mbichi ndiyo kigeugeu: ina kimeng'enya kinachogandisha maziwa. Ichemshe kwanza peke yake, joto la kuchemka hukiua, kisha ndipo maziwa. Wapishi wa chai ya tangawizi wanaijua kanuni hii, hata wasiojua kimeng'enya ni nini.

Je, wajua kwamba tui zito la nazi huasi kwenye barafu? Mafuta ya nazi huganda chini ya nyuzi 24 hivi, na yataelea juu ya kahawa kwa vipande vyeupe. Tumia tui jepesi, la mkamuo wa pili.

Maziwa ya wafugaji wa Kilosa ni mazuri sana kwa kazi hii, ila yachemshwe. Ugonjwa wa kutupa mimba wa ng'ombe humpata na mtu, kwa njia ya maziwa mabichi. Na barafu? Kuganda hakuui vijidudu vyote. Maji yasiyofaa kunywa hayafai kugandishwa.

Je, wajua kwamba kahawa yaweza kuiva bila moto? Loweka gramu 100 za kahawa iliyosagwa chengachenga katika lita moja ya maji safi, funika, iache saa 12 hadi 18, kisha chuja. Kifumbu cha tui kina matundu makubwa, kwa hiyo tandika kitambaa cheupe ndani yake. Itatoka laini, ukali wake umepungua, maana maji baridi hayavuti kila kitu ambacho maji moto huvuta. Mwenye kahawa ya kopo hahitaji hata hayo, kwa kuwa huyeyuka yenyewe.

Tena kahawa hiyo ya kopo, ambayo wajuzi huidharau, ina kipaji chake: povu. Mwaka 1957, kwenye Maonyesho ya Kimataifa ya Thessaloniki, Ugiriki, mfanyakazi wa Nestlé aitwaye Dimitris Vakondios alikosa maji moto ya kahawa yake, akaitia kwenye chombo cha kutikisia pamoja na maji baridi. Kikazaliwa kinywaji cha taifa zima. Siri ni kwamba kahawa ya kuyeyuka haina mafuta mengi ya kuvunja povu. Vijiko viwili vya chai vya kahawa, viwili vya sukari, vitatu vya chakula vya maji baridi, ndani ya chupa tupu ya jemu. Funga vizuri, tikisa hadi ivimbe, malizia kwa barafu na maziwa.

Je, wajua kwamba kahawa baridi ina miaka mingi kuliko friji? Mojawapo ya za kale huitwa mazagran, kwa jina la ngome ya Algeria ambako Wafaransa walipigana mwaka 1840.

Na vanila je? Maua yake nje ya kwao Meksiko yalikuwa nadra kuzaa mpaka mwaka 1841, kijana wa miaka 12, Edmond Albius, mtumwa katika kisiwa cha Réunion, alipobuni namna ya kuyachavusha kwa kijiti na kidole. Leo vanila hulimwa Kagera na Uganda, na kila ua bado huchavushwa kwa mkono.

Je, wajua kwamba Uarabuni, Oman ikiwemo, kahawa hutiwa iliki, na wengine huongeza zafarani au maji ya mawaridi? Vyote vitatu hukubali barafu. Kahawa chungu ya Zanzibar sijamwona anayeitia barafu, wala sitakuwa wa kwanza kumshauri muuza kahawa wa Jaws Corner. Yeye na dele lake la makaa waachwe, na kashata yao.

Na je, wajua kwamba Wahaya waliweza kuifaidi kahawa bila kikombe, bila barafu, bila hata maji? Matunda yake huchemshwa pamoja na majani yenye harufu, hukaushwa, kisha hutafunwa. Mgeni akiingia hupewa punje kadhaa kiganjani, na mazungumzo yanaanza.